Nauli ya Wa Kubebwa

...na hata hiyo tiketi ya ekonomi, Seline aliwaza, ukiipata ni ya kwenda tu, treni ya kurudi ni Ijumaa, na mpaka Ijumaa utakuwa unalala wapi, kwa hivyo hesabu ni ile ile aliyokuwa akiipiga asubuhi kanisani pasta akihubiri: apande treni ya leo jioni, alale ameketi, ashuke Nairobi kukicha, ashinde na binti yake Sheryl mchana kutwa, jua likianza kuzama adandie basi la kurudi Kisumu, usiku wa pili nao uishie barabarani, basi, ameenda na amerudi na mgongo wake haujagusa nyumba ya mkwe... basi ni ghali, treni ni rahisi, ukichanganya hivi viwili unatoka nafuu kuliko mtu wa basi kwenda basi kurudi, hiyo ndiyo akili, eti akili, akili gani ya mwendawazimu, na hii foleni mbona haisongi? "Huyu mkubwa ni nusu tiketi, Mama," karani alikuwa akisema nyuma ya kioo, na mwanamke aliyekuwa mbele ya Seline, mtoto mgongoni na msichana mwingine amemng'ang'ania sketi, akamjibu kwa ukali, "Nusu ya nini na atakaa kwa miguu yangu? Angalia vile amekonda!" Watu wakacheka, Seline hakucheka, alihamisha begi kutoka mkono huu hadi ule, ndani mlikuwa na unga wa wimbi wa kumpikia mzazi uji, na omena, dagaa wa ziwani, alizochagua mwenyewe kibandani kwake Mamboleo, moja moja, zisizo na mchanga, na chini kabisa ile blanketi ya manjano, aliitoa mara mbili akairudisha mara mbili, unampelekeaje mtu blanketi ya mtoto ambaye... lakini utaiacha wapi nayo, nyumbani, uiangalie?

Desemba alikuja hapa hapa, dirisha hili hili, Sheryl alikuwa amepiga simu akihema, "Mama, miguu imevimba, kuja ukae na mimi kidogo tu," na Seline akaja kuuliza, wakamwambia watu wa Krismasi wamemaliza ekonomi, imebaki fasti klasi, na mabasi yalikuwa yamepandisha nauli maradufu kama kawaida yao, akampigia Sheryl, akamwambia, "Nyathina, mtoto wangu, ngoja Januari nauli ishuke," na Sheryl akasema polepole, "Kila mara ni nauli, Mama," na haki ya Mungu ilikuwa kweli, nauli ilikuwa juu, nani angebisha, lakini alipotoka kwenye lile lango la stesheni alikuwa amepata wepesi kifuani, woi, wepesi, kwa sababu treni ile isingemrudisha jioni na yeye angelala wapi? Byron na Sheryl wana chumba kimoja Kariobangi, kitanda, pazia, jiko upande wa huku, na mama hawezi kulala kwa binti yake aliyeolewa, hilo hakufundishwa na mtu, alikua nalo kama alivyokua na masikio yake, ukilala unaleta chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira haianzi na wewe uliyekosea, inaanza na watoto, wanakonda, wanakohoa, wanaisha, ndivyo shangazi zake walivyokuwa wakisema wakichambua mboga, inaanza na watoto. "Hata sisi mila hiyo tuko nayo," Nanyama wa kibanda cha jirani alimwambia, Mluhya yule na mdomo wake, "lakini dadangu, hizi nyumba za kupanga ni za landilodi, si za mkwe! Wewe lala kwa landilodi!" Walicheka siku hiyo mpaka wateja wakawaangalia, na Seline hakwenda.

Alikuwa anamlinda. Hiyo ndiyo aliyotaka kumwambia Sheryl na simu haishikwi, nilikuwa namlinda huyo wa tumboni, nisimletee chira, ndiyo maana nikatafuta nauli ya kwenda na kurudi, na sasa angalia, hakulala, hakugusa hata mlango wao, mila ameishika yote bila kupunguza, na mtoto akaja kabla ya wakati wake, usiku, wakamwita Atieno kwa sababu ya huo usiku, akapumua siku mbili akachoka, akazikwa huko huko Nairobi, kaburi ambalo nyanya yake hajui liko upande gani wa njia... sasa ulimlinda na nini, Seline? Ulimlinda na nini? Na Januari ikafika, na nauli, jamani, ikashuka kweli.

"Na huyu wa mgongoni?" mwanamke aliuliza. "Wa kubebwa halipi," karani akasema. "Huyo anaenda bure."

Bure. Seline akashika ukingo wa dirisha la pembeni, lililofungwa, alikuwa amezunguka mji huu akiuliza nauli, mabasi ya usiku, mabasi ya mchana, lori la mtu wa Awasi anayepeleka miwa, akitafuta iliyo rahisi kuliko zote, na iliyo rahisi kuliko zote ndiyo hii, angeipata mwaka huu huu, Sheryl angekuja nyumbani na Atieno mgongoni, karani angemwangalia angesema wa kubebwa halipi, na wangeteremka hapa asubuhi, na yeye angekuwa amesimama pale nje karibu na wauza mahindi, angempokea, angemnusa shingo... usilie hapa, watu wataanza kuuliza, mama ni nini, mama umeibiwa?

Halafu simu ya Byron, ya jana. Byron ambaye akija nyumbani huketi karibu na mlango, macho chini, hata chai anaipokea akiangalia ukuta, kwa heshima, mkwe mwenye adabu mpaka humkera mtu, jana akapiga na sauti haikuwa yake, "Mama, nisamehe, sina mwingine wa kuambia. Maziwa inatoka tu. Mchana ni afadhali. Usiku ndio anaamka nguo yote imelowa, anashika hapo kitandani anatafuta mtoto. Mimi ni mwanaume, Mama, sijui hii kitu inafungwa aje." Seline alikuwa ameishika simu na uso ukimchoma, mkwe kumtajia maziwa ya mkewe, maneno hayo hayapitagi kati ya watu wawili kama wao, hayapiti, alitaka kukata... na sasa, kwenye foleni, ndipo alipoyasikia. Usiku. Byron alisema usiku. Na yeye amepanga kufika asubuhi na kuondoka jua likizama, yaani awe ameketi kwenye basi, Naivasha huko, begi magotini, saa ile ile mtoto wake anaamka anapapasa kitanda. Atamfunga leso kifuani mchana, sawa, nani ataifungua usiku ikibana, nani atalikamua ziwa linalouma, nani ataifunga leso tena, kijana huyo? Kijana amevunja heshima yake yote kwa simu moja kwa sababu anampenda Sheryl, na wewe mama mzazi unabembeleza heshima yako kwa nauli.

Chira inaanza na watoto, haya, watoto wako wapi? Imalize basi, ije inichukue mimi, inanijua jina. Atalala sakafuni upande wa mtoto wake, mkono juu ya kitanda, pazia wakitaka walitoe. Na Sheryl akikataa kufungua? Ule ujumbe wake wa mwisho, *usisumbuke na nauli Mama, wa kuonwa hayuko*, akasimama ndani akanyamaza kama anavyoinyamazia simu? Basi atalala mlangoni hapo koridoni, majirani wamruke wakienda kuoga, mlango nao ni nyumba, chira ihesabu hapo hapo. Wewe ndiye wa kuonwa, Sheryl, ni wewe, kwa nini hakumwambia hivyo Desemba?

"Kama ni nusu, basi akae kwa kiti chake kizima!" mwanamke alikuwa bado anapigana na karani, na karani bado hajainua kichwa, na mtoto wa mgongoni, aliyechoka na hayo yote, alikuwa ametoa mguu mmoja nje ya leso, hauna soksi, ukining'inia karibu na tumbo la Seline. Seline alikuwa ameukwepa muda wote huu. Sasa akaushika, ulikuwa na joto, vidole vikamkunjia kidole, mama yake hakujua, na Seline akawa anarudia chini chini yale maneno ya kumwambia karani, asije akafika pale mdomo ukayageuza kwa mazoea, kwenda tu, baba, sitaki ya kurudi, hata ya basi sitaki, kwenda tu.