Vitone Themanini kwa Hamsini

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka 1993, saa tatu asubuhi, Cyrille alifuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa soksi kuukuu, akafungua faili la maandishi la mchezo wa treni, akafuta 640 akaandika 320, akafuta 480 akaandika 200. Hakuwa na kazi nyingine. Ofisi yake ilikuwa ya kuchora ramani za machimbo ya shaba ya Katanga, na machimbo yalikuwa yamesimama. Mhandisi Mbelgiji aliyeileta mashine ile alikuwa ameondoka na sanduku moja, akaacha disketi tatu na kikombe chenye ukoko wa kahawa.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Unatandika reli, unazipa stesheni majina, unapeleka treni. Cyrille alikuwa ametandika reli anayoijua: Likasi, Tenke, Kamina, Kaniama, hadi Mwene-Ditu kule Kasai. Lakini mashine ilikuwa dhaifu. Kwa vitone vya picha mia sita arobaini kwa mia nne themanini, picha ilipendeza hata ukaona kofia ya dereva, ila treni haikusogea, kwa sababu nguvu yote ya mashine ilikuwa inaishia kwenye kuchora kofia. Ukipunguza vitone, picha inachakaa, treni inakwenda. Alipoandika mia tatu ishirini kwa mia mbili, ikaingia Likasi taratibu na kusimama.

Saa sita Michel, mkuu wa stesheni, alifika ofisini kwa baiskeli. Alivua kofia akajipepea.

“Cyrille, treni yako iko ku stesheni, ku quai ya pili.”

“Iko na mabehewa ngapi?”

“Munane. Kingo zake zote ni ngazi-ngazi, sawa matofali. Inakuya na batu?”

“Hata mumoja.”

“Bon,” alisema Michel. “Basi tupakize balioko.”

Walioko walikuwa maelfu. Kwa miezi minne stesheni ilikuwa imejaa watu ambao baba zao au babu zao waliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na sasa makundi ya vijana yalipita nyumba kwa nyumba yakiwaamuru warudi kwao. Wengi hawakuijua hiyo kwao. Walizaliwa Likasi, wakabatizwa Likasi, wakazika Likasi. Walilala chini ya maturubai, masufuria yao kando, wakingoja treni ambayo haikuja.

Mke wa Cyrille alikuwa mmoja wao. Aliitwa Mamie. Baba yake, mzee Camille, aliletwa na kampuni akiwa kijana, akatumikia kiwandani miaka thelathini na minne. Vijana walipopiga alama ya chokaa kwenye mlango wa mzee, walifika pia kwa Cyrille. Walizungumza kwa adabu. Yeye, walimwambia, ni mtu wa Kambove, mwenyeji, abaki. Binti yake Aimée, mwenye miaka sita, ni damu ya baba, abaki. Mwanamke aende alikotoka baba yake. Cyrille alisema huyo ni mke wake wa kanisani. Walisema wanajua, walikuwepo kwenye harusi.

Tangu siku hiyo, kila saa kumi, Cyrille alibeba bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo hadi stesheni, Aimée akimfuata nyuma. Walikula wanne juu ya mkeka, kisha wawili wakarudi nyumbani.

Treni ya kwanza iliondoka na watu mia nane. Kwa kipimo kile ilichukua siku kumi na moja kufika Tenke tu, ambako mtu mwenye haraka hufika kwa baiskeli. Wazee wawili walikufa njiani. Michel alirudi ofisini.

“Haiwezi kukimbia kidogo?”

“Naweza kupunguza picha,” alisema Cyrille.

Akaandika mia moja sitini kwa mia moja. Treni ya pili ilifika Mwene-Ditu siku ya tano, bila kifo. Jumapili yake, kwenye foni ya misheni, ile redio ya upepo, padri wa kule alitoa taarifa. Watu walikuwa wazima na walikula vizuri. Tatizo lilikuwa dogo: nyuso zao hazikutambulikana. Kina mama waliwapata watoto wao kwa sauti. Padri aliomba kwamba majina yaandikwe mizigoni kwa herufi kubwa, maana herufi ndogo hazikufika.

Michel aliandika ombi hilo kwenye daftari, na kuanzia kesho yake majina yakaandikwa kwa herufi kubwa.

Mamie hakutaka kupanda treni zile. Alisema atangoja, huenda mambo yakatulia. Wiki ya tatu mzee Camille alianza kuhara. Mtawa wa zahanati alimpima palepale mkekani, akamvuta Cyrille pembeni. Dawa zilikuwa zimekwisha Likasi nzima. Mwene-Ditu zilikuwepo. Bila dawa, mzee alikuwa na siku mbili.

Cyrille alikaa kwenye mkeka. Alieleza polepole, kama mtu anayeeleza bei ya kitu asichotaka kuuza. Kwa themanini kwa hamsini, treni ingefika kwa siku moja, asubuhi hadi jioni. Lakini katika picha ndogo kiasi hicho, uso wa mtu ulikuwa vitone vinne.

“Vine vinatosha,” alisema Mamie.

“Mamie, Aimée hatakujua.”

“Cyrille, miye niko hapa miezi ine. Nani aliangalia uso yangu? Beye banaangaliaka jina ya baba tu.” Alimgeuza mzee ubavu, akamfuta midomo kwa pembe ya kitenge. “Punguza.”

“Siye tungeenda bote.”

“Na nani atakaa ku mashini?”

Mashine hiyo, watu wote waliofundishwa kuitumia walikuwa wa Kasai pia, na walikuwa wamekwisha kuondoka, isipokuwa yeye. Mamie alimsuka Aimée nywele upya, mistari minne, akachelewesha kila fundo. Alimwambia ale hata kama sombe haina mafuta. Alimwambia Cyrille mahali alipoficha cheti cha ubatizo. Kisha akaona hana tena la kusema, akaanza kukunja turubai.

Asubuhi ya Alhamisi Cyrille hakuweza kwenda kumsindikiza, kwa sababu treni isingeondoka bila mtu kwenye mashine. Alimchukua Aimée ofisini, akamkalisha juu ya rundo la ramani. Saa moja kamili aliandika 80, aliandika 50, akabonyeza.

Treni ilitokea kwenye kioo. Ilikuwa vigae vya kijani na kahawia, imekatwakatwa, na kwenye kila kigae kikubwa palikuwa na vitone vya manjano, vinne vinne, ambavyo ndivyo watu. Ilikwenda vizuri sana. Hakuwa amewahi kuona kitu kikienda vizuri hivyo mwaka huo. Alihisi usingizi mzito, ule unaomjia mtu aliyekwisha kulia, ingawa hakuwa amelia.

“Papa, maman iko wapi?”

Cyrille alitazama vitone. Vilifanana vyote.

“Huyu,” alisema, akagusa kimoja katika behewa la tatu.

Aimée aliweka kidole chake hapo, na treni ilipokwenda, kidole kikaenda nayo. Alikishikilia hadi Kamina. Karibu na Kaniama umeme ulikatika. Cyrille akakaa na mikono mapajani, na kule porini treni nayo ikakaa, watu wakashuka kidogo kujisaidia. Umeme uliporudi mtoto hakuweza tena kukipata kitone chake. Alichagua kingine bila kumwambia baba. Cyrille aliona, akamwacha.

Saa kumi na mbili jioni waliingia Mwene-Ditu.

Jumapili, baada ya misa, walipanga foleni ya foni. Sauti ya Mamie ilikuwa ileile, haikupungua hata kidogo. Mzee alikuwa amewekewa maji ya mshipa, alikuwa anapona, alikuwa ameanza kulalamikia chakula. Wamepewa kipande cha ardhi kando ya reli, mawe mengi. Watu wa ukoo walikuja kuwatazama, wakawauliza ni akina nani. Yeye Kiluba chao cha Kasai anakisikia tu, kukisema anababaika. Watoto wa pale wanamwita mama wa Katanga.

“Na uso?” aliuliza Cyrille.

“Iko vile. Batu banazoea. Nipe mutoto.”

Aimée alimweleza mama yake kwamba jino limetoka, kwamba mistari ya nywele bado iko, kwamba papa hajui kupika bukari. Walicheka, huku na kule. Kisha padri akasema kuna wengine nyuma.

Mwezi wa nne treni za themanini kwa hamsini zilikuwa zinaondoka kila siku. Wakubwa wa mji walifurahi. Siku moja Michel alikuja na karatasi yenye muhuri, akasoma kwa sauti ya chini: je, haiwezekani kupunguza tena, iwe arobaini kwa ishirini na tano? Kwa kipimo hicho uso wa mtu ni kitone kimoja, na behewa moja lingebeba mtaa mzima.

“Mashini inakataa,” alisema Cyrille.

Michel alitazama kioo, akamtazama Cyrille. Alikuwa amemwona akiitumia mashine ile mara nyingi, na alijua haikatai kitu.

“Nitaandika inakataa,” alisema, akaandika.

Ndicho kitu pekee Cyrille alichoweza kukataa mwaka ule. Treni ziliendelea kwa vitone vinne. Mwezi wa saba zikabaki familia tano tu stesheni, zile zilizokuwa na wagonjwa. Cyrille alivaa shati la misa, akaenda kumwomba Michel nafasi mbili katika treni ya mwisho, ya kwake na ya mtoto. Michel aliuliza nani atakaa kwenye mashine. Walifikiri pamoja kwa muda mrefu, wakataja majina kadhaa, na kila jina lilikuwa la mtu aliyekwisha kupelekwa. Kisha Michel alimpa mkono, na Cyrille akarudi ofisini, akawasafirisha wale wa mwisho.

Jumatatu iliyofuata stesheni ilifagiliwa. Ilichukua wanaume kumi siku nzima. Watu waliopita walisimama kidogo kwenye uzio, wakasema kweli pamekuwa pasafi, kisha wakaenda zao sokoni.