Chumvi ya Mama Rozalia

Kila asubuhi Mama Rozalia aliosha chumvi. Aliimwaga chumvi ya mawe kwenye sufuria, akaisuuza mpaka mchanga ukatoka, kisha akaianika kwenye ungo. Kijiji kizima cha Ntobeye hapakuwa na jiko safi kama lake, na mimi mpangaji wake, mhudumu wa afya, nilijivunia kula hapo.

Asubuhi ile alipoinua kata ya maji, nilimshika mkono.

"Vipi, Bibi Afya? Umeona nyoka?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, niachie."

Odeta, mkwe wake, alicheka huku akichambua maharage. Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa tisini na tatu pamoja na wakimbizi wenzake, akaolewa na Protasi wa Mama Rozalia, na sasa alikuwa na mimba changa. Shingoni alifunga kitambaa. Wote tulijua kinaficha rovu, ule uvimbe wa shingo.

Rovu halikunitisha. Niliyemwogopea ni mtoto. Chuoni tulifundishwa kwamba mama akikosa madini joto, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, au akili yake isikue. Na jana yake, nilipopima madini hayo kwenye chumvi za kaya, ya jiko hili peke yake ilibaki nyeupe, yaani haina, ingawa majirani wote walinunua kwenye gunia lile lile lililoshushwa na lori kutoka Lusahunga.

Nilitoa kichupa cha kupimia. Tone moja kwenye chumvi ya ungo: nyeupe. Tone jingine kwenye chumvi ambayo haijaguswa na maji: ikawa bluu kama wino wa shule.

Odeta aliacha maharage.

"Kwa hiyo yangu mbovu?" Mama Rozalia aliuliza.

"Si mbovu, mama. Ila labda... yaani, pengine ingefaa..."

"Mtoto huyu! Unaongea kama umekuja kuazima ungo. Sema!"

Miezi sita alikuwa amenipakulia kabla ya wanawe. Nilimtazama Odeta; mkono wake ulikuwa juu ya kitambaa. Nikasimama wima.

"Usiioshe tena, mama. Madini joto yanakwenda na maji. Iweke kwenye chombo chenye kifuniko, uitie chakula kikikaribia kuiva. Odeta aanze kuila hivyo leo leo, hatujachelewa. Nataka mjukuu wako azaliwe akisikia ukimwita."