Mteremko wa Gashoho

Mwaka wa kwanza Melania alipofundisha chuoni Gitega, wanafunzi walikicheka Kifaransa chake mpaka akawa anaogopa kuingia darasani. Hakukua nacho. Alivuka mpaka kukimbilia Tanzania akiwa na miaka tisa, mwaka wa tisini na tatu, mkono wake mmoja umeshikwa na baba yake Yakobo. Akasoma kambini upande wa Kibondo, na baadaye, kwa ufadhili wa watawa, akasomea Moshi kazi ya kuwanyoosha na kuwatembeza watu waliopooza au kuvunjika. Tanzania waliiita fiziotherapia. Aliporudi nyumbani akakuta wanaiita kine, na walimu wake nchi nzima ni wa kuhesabu. Ndiyo maana chuo kilimchukua na Kifaransa chake kibovu hivyo hivyo.

Kilichomwokoa ni mikono. Siku ya vitendo alipanda mezani, akajilegeza upande mmoja kama mtu aliyepigwa na kiharusi, akawaambia wamwinue. Kijana mmoja akamvuta kwa mkono uliolegea. Melania akafumbua macho akamwambia kwamba hapo ameshalitegua bega la mama wa mtu. Tangu siku hiyo walimwita Madamu, na hawakucheka tena mbele yake.

Alipanga nyumba ndogo mtaa wa Yoba, vyumba viwili, akitarajia kwamba siku moja baba yake atakuja kukaa naye. Lakini Yakobo hakutaka kusikia habari ya mjini. Alikuwa amerudi kwa ajili ya shamba lake Gashoho, huko Muyinga, na shamba lile alilikuta na mtu.

Mtu huyo alikuwa Anatoli, jirani wa zamani. Alilima sehemu yote ya chini, ile yenye udongo mweusi karibu na kijito, akaotesha na kahawa. Yakobo aliachiwa kipande cha juu, penye changarawe, ajenge kibanda asubiri kesi. Anatoli hakusema kwamba alivamia. Alisema alinunua sehemu ile mwaka wa tisini na moja kutoka kwa kaka yake Yakobo, na kwamba siku ya kuuziana walifukia mawe matatu ya mpaka. Kaka huyo alifia kambini bila kutamka neno juu ya mauzo yoyote. Mashahidi wa Anatoli nao walikuwa wamekufa. Kwa Yakobo ule ulikuwa uongo mtupu. Melania, aliyekuwa mtoto wakati huo, hakujua lolote, na alimwamini baba yake.

Kesi ilivutwa miaka minne. Mwishoni hakimu akasema atakwenda kilimani mwenyewe pamoja na wazee wasuluhishi, na Anatoli atawaonyesha mawe hayo mbele ya watu wote. Tarehe ikapangwa. Wiki tatu kabla ya siku hiyo Anatoli akaanguka shambani, akanyanyuliwa upande wa kulia umekufa na ulimi mzito. Hakimu akaahirisha mara moja tu. Akawaeleza wazi watu wa nyumba ya Anatoli: watoto wake walikuwa wachanga wakati wa mauzo, hawawezi kuonyesha wasichokiona, mwezi wa sita shauri litaamuliwa, mgonjwa awepo asiwepo.

Yakobo alimpigia simu binti yake kumpa habari hizo. Hakusema kwamba amefurahi, lakini Melania aliisikia sauti yake imekuwa nyepesi, sauti ambayo hakuisikia tangu wavuke mpaka kurudi.

Mwezi wa nne chuo kilimpeleka Melania hospitali moja ya Muyinga na wanafunzi wanane wa staji, yaani mafunzo ya vitendo, kwa wiki sita. Siku ya pili walipoingia wodi ya wanaume, kwenye kitanda cha dirishani alilala Anatoli. Alimtazama mwalimu kwa muda, akatafuta maneno, akayapata.

“Wewe ni wa kwa Yakobo,” alisema.

“Ndiyo, mzee.”

Akageuza uso ukutani.

Jioni ile Melania alimpigia Ignasi, mkuu wa idara yake, akaomba abadilishwe na mwenzake. Ignasi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa ratiba. Alimsikiliza, akampa pole, akamwambia mwalimu mwingine hayupo, na hospitali ile yenyewe haina mtaalamu hata mmoja. Akiondoka yeye, wagonjwa wote wa wodi watalala vile vile mpaka staji ya mwakani. Kisha akamtakia kazi njema.

Baada ya hapo Melania akampigia baba yake. Aliona ni afadhali asikie kwake kuliko sokoni.

“Basi umwache,” alisema Yakobo.

“Siwezi, baba. Ni mgonjwa.”

“Mama, sijasema umdhuru. Mungu anisikie, sijasema hivyo. Nasema umwache tu. Kama usingekuja huko, si angekuwa amelala?”



Melania akatafuta njia ya katikati. Alimkabidhi Anatoli kwa mwanafunzi wake mmoja, Swabra, binti wa fundi cherehani wa pale pale Muyinga mjini, na yeye akabaki kusimamia kwa mbali. Swabra alikuwa na subira ya ajabu. Alimfundisha mzee kukaa kitandani bila kuangukia upande, kisha kurudisha nyayo nyuma, kuinama mbele na kusimama. Wiki ya tatu alimsimamisha kati ya vyuma viwili. Wiki ya nne Anatoli alikuwa anatembea na fimbo katika korido ya saruji, kutoka wodini hadi dirisha la dawa, mguu wa kulia ukichora nusu duara kila hatua. Wanafunzi walifurahi. Kwenye daftari Melania aliandika kwamba mgonjwa anajitegemea ndani ya nyumba, karibu ataruhusiwa. Kila neno lilikuwa la kweli.

Swabra ndiye aliyelileta lile jambo. Alimfuata mwalimu wake nje, pale wanapoanika mashuka.

“Madamu, mi naona huyu muzee hatuyamumaliza,” alisema. “Anatembea ku simenti. Lakini kwao ni Gashoho, kule yote ni mulima. Siku atashuka pa shamba yake, ataanguka. Ulitufundisha tuulize mugonjwa anarudi wapi.”

Melania alimjibu kwamba muda hautoshi.

“Muda iko, Madamu. Tuko na wiki mbili.”

Msichana hakujua chochote habari za kesi. Alisema vile kwa sababu alikuwa amesikiliza darasani. Melania alimwambia aende kula, wataongea baadaye, akabaki amesimama kati ya mashuka. Alikuwa amejidanganya mwezi mzima kwamba hakumnyima mtu kitu. Lakini alijua. Tangu wiki ya kwanza alijua kwamba yule mtu atahitaji kuteremka mlima, alijua siku yenyewe, na alijua ni mlima upi. Akawa anamtembeza kwenye saruji. Angekuwa mwanafunzi wake ndiye amefanya hivyo, angemrudishia karatasi ikiwa na sifuri.

Mchana ule yeye mwenyewe akamtoa Anatoli nje. Nyuma ya jiko la hospitali ardhi iliteremka kuelekea bonde, majani na mashimo. Wanafunzi wote wanane wakasimama kutazama.

“Ukipanda, tanguliza mguu mzima,” alimwambia. “Ukishuka, tanguliza mbovu. Fimbo kwanza, halafu mbovu, halafu mzima. Usikimbilie.”

Anatoli aliangalia chini. Melania alisimama mbele yake kinyumenyume, kifua chake kikiwa tayari kumpokea, akamshika kiunoni. Alihisi uzito wote wa yule mzee ukimjia mikononi, pumzi yake usoni. Akamshusha hatua moja. Akamshusha nyingine. Siku ya kwanza walifika mahali ambapo mtoto angefika kwa kuruka mara moja tu. Kufikia siku ya kumi mzee alishuka hadi chini na kupanda peke yake, akipumzika mara mbili, na wapishi wakatoka jikoni kumpigia makofi. Yeye hakuwatazama wapishi. Alimtazama Melania, na machozi yakamtoka upande mmoja wa uso, maana upande wa pili ulikuwa bado haujaamka vizuri.

Hawakuzungumza habari ya shamba hata mara moja.

Mwezi wa sita Melania aliomba ruhusa Gitega akaenda Gashoho. Alimkuta baba yake amevaa koti la Jumapili. Kilima kizima kilikuwa kimekuja, watu wamekaa kwenye majani, hakimu na karani wake wamesimama kwa juu penye changarawe. Yakobo aliongea kwa utulivu. Alieleza jinsi ardhi ilivyotoka kwa babu hadi kwa baba hadi kwake, na jinsi alivyoikimbia bila kuiuza. Watu waliitikia kwa vichwa. Hata wazee wasuluhishi walionekana wameridhika. Hakimu akauliza kama mpinzani yupo.

Anatoli akatokea kwenye njia, mwanawe akimfuata nyuma bila kumgusa.

Akasimama ukingoni mwa mteremko. Ulikuwa mkali zaidi kuliko ule wa nyuma ya jiko, na alfajiri ilikuwa imenyesha manyunyu. Akaweka fimbo chini, akatanguliza mguu mbovu, akauvuta mzima. Melania alijikuta mwili wake unashuka naye. Alipoona goti la mzee linataka kurudi nyuma, midomo yake ikasema bila sauti, kunja goti, kunja goti. Akageuka akaona baba yake anamtazama.

Kule chini Anatoli alinyoosha fimbo, wakachimba. Jiwe la kwanza likatoka, limechongwa alama. Wakaenda hatua thelathini, wakachimba tena, likatoka la pili. La tatu halikuonekana, wala karibu na kijito wala kwenye kahawa. Yakobo akasema kwa sauti kwamba mtu aliyekaa mahali miaka kumi na mitano peke yake anaweza kufukia mawe mia. Hakimu akaagiza iandikwe. Ikaandikwa.

Kisha Anatoli akaomba kusema. Watu walidhani ataongea juu ya mawe.

“Mi nilikuwa nimekufa mwili nusu,” alisema kwa Kirundi chake kizito, akichanganya na Kiswahili alichookota kwenye biashara za mpakani, ili yule binti aliyekulia Tanzania asikie vizuri. “Aliyenifikisha hapa ni huyu mtoto wa Yakobo. Alinishika na mikono yake. Nataka watu wote wajue, sitamusahau.”

Alisema kwa moyo safi. Melania hakulitilia shaka hilo, wakati ule wala baadaye, na ndilo lililomuuma zaidi. Watu wote walimgeukia yeye. Yakobo alivua koti lake taratibu, akalikunja mkononi, akapanda kwenye kibanda chake akafunga mlango.

Hukumu ilisomwa wiki mbili baadaye. Sehemu ya chini ilikwenda kwa Anatoli; Yakobo akabaki na changarawe. Hakumgombeza binti yake. Aliuza mbuzi, akafunga vitu vyake, akaenda Gishubi kwa Elias, mwanawe wa mwisho, aliyekuwa amepewa mahali pa kulima na watu wa mke wake. Alipita Gitega bila kufika Yoba. Melania alisikia kwa Elias kwamba baba ameshafika.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kwanza, alikuwa tena Muyinga na kundi jingine la staji. Anatoli alimletea maharage kwenye kikapu, mavuno ya kule chini. Alitembea na fimbo kutoka alipoteremshwa na pikipiki hadi mlangoni. Melania angependa kuyakataa, lakini wanafunzi walikuwa wamemzunguka mzee wakimuuliza maswali, wakitazama namna anavyokanyaga, na wengine walikuwa hawajawahi kumwona mgonjwa wa kiharusi aliyefika mbali hivyo. Akayapokea. Wapishi wakayapika. Alikula nao, kwa sababu hakuna aliyejua kwa nini asile.

Wakati wa mvua za mwezi wa nne Yakobo aliteleza Gishubi, akavunjika paja karibu na nyonga. Elias alimleta Gitega, hospitali iliyo jirani na chuo, akapasuliwa, akatiwa chuma. Siku ya pili baada ya upasuaji Melania aliingia na koti lake jeupe. Kuwainua wagonjwa wa namna hiyo ni kazi aliyoifanya mara nyingi kuliko mtu yeyote pale. Alifunua shuka, akaweka mkono chini ya goti la baba yake. Yakobo akauondoa ule mkono, bila nguvu, akauweka pembeni kitandani.

“Aje mwingine,” alisema.

Akaja Swabra, ambaye alikuwa amemaliza masomo na kuajiriwa hapo. Yakobo alimtii kwa kila kitu. Alisimama alipoambiwa, alikanyaga alipoambiwa, akamwita mwanangu. Melania alikuwa akipita koridoni kati ya vipindi, akisikia Swabra akihesabu hatua, na mara mbili alisikia anamharakisha mzee kuliko inavyofaa. Hakuingia kumsahihisha.

Siku ya kutoka alimkuta baba yake amekaa kwenye benchi nje, magongo mapajani, akimsubiri Elias alete gari. Alikaa karibu naye. Alikuwa amejiandaa kueleza kila kitu kwa utaratibu: Ignasi, Swabra, yale mashuka, kwamba alijaribu. Ikatoka sentensi moja tu, kwamba alikuwa anafanya kazi yake.

Yakobo aliitikia kwa kichwa.

“Najua,” alisema. “Wewe ulikuwa na kazi. Mimi nilikuwa na shamba.”

Hakusema kwa hasira. Baadaye akamuuliza kama Yoba maji yanatoka siku hizi, naye akamjibu kwamba yanatoka asubuhi tu. Elias akafika. Melania alishika mlango wa gari wakati ndugu yake akimwingiza baba, akaangalia lile paja linavyokunjwa, akaona linakunjwa vizuri. Gari likaondoka kuelekea Gishubi. Saa nane alikuwa na darasa la mwaka wa pili, akaenda.