Jiwe la Kibwana

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekamatwa na baiskeli.

Ila kosa lenyewe nililifanya jana jioni nikiwa macho. Shangazi Mwanahawa alipiga simu kusema asubuhi atakuja na gari amchukue Bibi Zawena, ampeleke hospitali. Kidonda cha mguu kimefika pabaya, na daktari hataki tena kusikia habari za kubandika majani. Bibi akagoma. Hatoki. Kaka yake Kibwana aje akute mlango umefungwa?

Huyo Kibwana alichukuliwa angali mtoto, kabla ya uhuru, kwa kosa la kuendesha baiskeli ya karani wa shamba la mkonge bila ruhusa. Wakampeleka shule ya maadilisho ya Kiwambo, kule juu mlimani, wanakofungiwa watoto watundu. Baadaye ikaja habari kwamba ametoroka. Tangu hapo mlango wa mbele haujafungwa, masika wala kiangazi, umeegemezwa tofali. Hitima hataki isomwe. Mtu aliyetoroka, anasema Bibi, yuko njiani.

Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema: "Bibi, njia gani hiyo? Hata kobe angeshafika, akaoa, akajenga."

Bibi hakucheka. Nikaenda kulala.

Baiskeli ilinikuta jikoni. Nyeusi, ya zamani, ina taa moja na sauti ya mtu mwenye mafua.

"Chande?"

"Ndiye mimi."

"Umecheka bila ruhusa. Panda."

"Nani anaendesha?"

"Usianze ujuaji."

Tukatokea dirishani, tukawa mlimani hapohapo. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba njiani tulikatiza darasa langu la kidato cha pili, na mwalimu wa jiografia akavua miwani kama mtu anayepisha jeneza.

Geti la Kiwambo lina kibao juu. Nasoma: GEREZA LA WATOTO. Napepesa macho, kinasema SHULE YA MAADILISHO. Napepesa tena: KITUO CHA MALEZI YA VIJANA. Rangi bado mbichi, inanidondokea puani.

"Sasa wewe ni lipi kati ya hayo?" naliuliza geti.

"Wananibadilisha jina kila wakija wageni," linajibu. "Bawaba ni zilezile. Nyoosha mikono."

Linanipa jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto, kopo la chokaa na brashi ya katani.

"Kanuni ni moja. Jiwe lako ndilo wewe. Likiwa jeupe, wewe ni mzima na una adabu. Likiwa chafu, utatujua."

"Basi libaki jiwe, mimi nirudi nyumbani."

"Wote huanza na hilo," likasema, likajifunga lenyewe.

Uwanjani mawe yamepangwa mstari. Nyuma ya kila jiwe kasimama mvulana wa kaptula, mwembamba kiasi kwamba kupitia kwake unamwona wa pili. Mawe yamenenepa. Ni saa ya chakula. Mpishi, ambaye ni sufuria lenye miguu, anapita akiyamwagia mawe uji. Langu linakunywa. Linacheua.

"Na sisi je?" namnong'oneza jirani yangu, mvulana mwenye masikio makubwa.

"Sisi akina nani?"

Mara mkaguzi akafika. Ni filimbi. Haikuvaliwa na mtu. Inaning'inia hewani kwa kamba yake, juu imeweka kofia. Nyuma yake kiboko cha kuchapia kinajikokota kama mstaafu anayefuatilia mafao yake. Kilikuwa kikubwa kwangu kwa umri, nikakiamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu. Hujazaliwa wewe, mimi niko kazini. Bendera imeshushwa, ikapandishwa nyingine. Wakuu wamekuja, wameondoka. Kila mmoja akifika anasema nipumzishwe. Halafu ananiita ofisini, ananiambia, bakia wiki hii tu."

Filimbi inakagua. Inatazama mawe, hakuna hata mvulana mmoja inayemtazama usoni. Inafika jiwe la mwisho, jeupe kuliko yote, jeupe mpaka linaumiza macho. Nyuma yake hakuna mtu.

"Mzima," inapuliza. "Ana adabu. Mfano wa kuigwa."

"Lakini hapo hakuna mtu," nikasema.

Hata uji uliacha kudondoka.

"Kuna jiwe," ikasema filimbi, ikaendelea na safari yake.

Yule wa masikio akanivuta shati. "Nyamaza, we! Unataka kumponza? Hilo ni la Kibwana. Ana homa, hawezi kusimama. Wakasema anajifanyisha, wakamtia chumba cha giza. Jiwe likichafuka atachapwa hukohuko kitandani. Basi tunalipaka chokaa sisi, kwa zamu."

"Na yeye mwenyewe nani anamwangalia?"

Mvulana akatazama ndani ya kopo lake. "Tulidhani wakubwa."

"Wakubwa wanaangalia jiwe."

"Ndiyo," akasema taratibu. "Na sisi tumelipaka vizuri mno."

Nikatupa brashi, nikakimbia. Chumba cha giza kilikuwa chumba cha Bibi, kitanda chake kilekile cha kamba, ila mlango ulikuwa umefungwa. Nikaugonga.

"Umechelewa," ukasema mlango. "Ulikuwa hujazaliwa."

"Fungua hivyohivyo."

Ukafunguka. Mbu walitoka kwanza, wengi, wameshiba, wakinipisha kwa heshima kama wazee wanaotoka karamuni. Kitandani kulikuwa na blanketi tu.

Filimbi ikaingia nyuma yangu. "Hayupo? Jiwe lake jeupe, kwa hiyo hakufa. Mtu ambaye hakufa, na hayupo, ametoroka. Wapelekeeni kwao habari."

Nikakigeukia kiboko. "Babu, sema kweli. Mmemweka wapi?"

Kiboko kilijikunja kama kinataka kuwa kamba ya kawaida. "Chini ya jiwe lake. Wenzake waliendelea kulipaka. Hawakuwa na kitu kingine cha kumfanyia."

Narudi uwanjani. Hakuna mawe mengine tena, wala wavulana. Limebaki lile moja kwenye majani marefu. Nalikumbatia kwa mikono miwili. Zito. Lina joto la mtu mwenye homa.

"Wewe wa nani?" likauliza kwa sauti ya kitoto.

"Wa Zawena. Mjukuu wake."

"Zawena ana wajukuu? Si yule hajang'oka hata meno ya mbele!"

"Yameshang'oka yote, babu. Ya utotoni na ya ukubwani."

Likacheka. Nami nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Babu, anakungoja. Mlango hajaufunga tangu uondoke. Sasa mguu unamwozea pale kizingitini na hospitali haendi. Kama unakuja, njoo. Kama huji, niambie nimwambie."

Jiwe likajigeuza mikononi mwangu.

"Haufungi? Hata mbu wanapoingia?"

"Hata mbu wanapoingia."

"Mwambie sikutoroka. Ningetoroka ningekuja nyumbani, ningekwenda wapi kwingine? Na mwambie afunge mlango. Mbu watamla."

Filimbi ikapuliza kwa nguvu. Nikashtuka. Ilikuwa honi ya gari la Shangazi, na nje kumekucha.

Nilipojifuta uso nikaona vidole vyangu. Kwenye kucha na mistari ya viganja, weupe. Nyumba yetu ni ya udongo mtupu. Chokaa haijawahi kuingia humu.

Bibi alikuwa ameketi kizingitini, mguu juu ya kigoda, Shangazi amemsimamia mikono kiunoni. "Mama, leo sibembelezi!" Bibi hamsikilizi. Ananitazama mikono. Akaushika mmoja, akausugua kwa kidole gumba, akanusa.

"Tuliruhusiwa kumwona mara moja tu," akasema. "Alinishika shavu kupitia kwenye waya. Nikabaki na weupe huu. Mama hakuniosha uso mpaka kesho yake."

Halafu, bila kuuliza nani: "Amesemaje?"

"Amesema hakutoroka, Bibi. Angetoroka angekuja hapa. Na amesema ufunge mlango, mbu watakula."

Bibi akatazama njia kwa muda. Kisha akaacha kuitazama.

"Alikuwa na ugomvi na mbu tangu mdogo," akasema. "Mwanahawa, nipe kanga yangu ya kutokea. Na msikitini waambie, hitima Ijumaa."

Tulimpakia garini. Mimi nikarudi kuondoa tofali. Mlango ukakataa kuingia kwenye fremu. Mbao zilikuwa zimeshasahau. Nikasukuma kwa bega, nikasukuma kwa kiganja, ukalia, ukafunga.

Kwenye ubao ikabaki chapa nyeupe ya mkono. Nikaweka kiganja changu juu yake nilinganishe. Chapa ilikuwa ndogo. Vidole vyangu vilipita pande zote.