Gitaa Lenye Peremende Tumboni

Ijumaa ile mvua ya Apia, mji wetu wa bandari, ilinyesha mpaka ikaishiwa maji, ikaanza kuazima baharini. Samaki mmoja alipita mbele ya ofisi ya forodha, akasimama kuyapisha magari, kisha akaendelea na safari yake. Asiyeniamini akamuulize samaki.

Ndani, juu ya kaunta, lilikaa sanduku la Telesia, na nyuma ya sanduku alisimama Telesia mwenyewe, na ubavuni mwake mimi. Uwakala wa forodha nilikwisha kustaafu, lakini kibali changu kilikuwa hai bado, na mtu wa kijijini kwenu akikuita humwambii umestaafu. Sandukuni mlijaa magitaa madogo ya plastiki, kila moja tumbo lake linafunguka, na tumboni mna peremende. Zawadi za Jumapili Nyeupe hizo, siku watoto wetu wanapovaa meupe, wakasema aya zao mbele ya kanisa zima, kisha wakaketi kula huku wakubwa wakiwaandalia.

Mwaka uliotangulia mzigo ulichelewa. Watoto walisema aya zao bila kukosea, wakashuka, wakanyoosha mikono, wakaambulia peremende za dukani zilizogandamana na karatasi zake. Mdogo kuliko wote alimuuliza Telesia mbele ya watu, "Mwalimu, nilikosea wapi?" Telesia ndiye mwalimu wa shule ya Jumapili. Aliapa pale pale kwamba jambo hilo likijirudia, atakabidhi ufunguo wa darasa. Kwetu kiapo cha kanisani hakina mlango wa uani.

Afisa alikuwa binti mmoja, Lagimaina, ua sikioni, kitabu cha ushuru mbele yake kinene kama mto wa kulalia. Alifungua gitaa moja, akalifunga, akalifungua tena.

"Mzee Siaki, hebu nieleze. Hili ni gitaa lenye peremende, au ni peremende zenye gitaa?"

"Binti yangu, ng'ombe mwenye kengele ni ng'ombe au ni kengele?"

"Ng'ombe haliwi pamoja na kengele yake, mzee."

Foleni nyuma yetu ikacheka. Telesia hakucheka. Alijua hukumu zilivyo: ikiandikwa peremende, ni chakula, na chakula hakitoki bila mkaguzi, na mkaguzi alikuwa mazishini kisiwani Savai'i, harudi kabla ya Jumatatu, ilhali Jumapili Nyeupe ilikuwa keshokutwa. Ikiandikwa kichezeo, ni muhuri tu. Na dirisha lilikuwa linakaribia kufungwa.

"Kanuni inasema hivi," Lagimaina akasoma kwa kidole. "Vitu viwili vikifungwa pamoja kuwa zawadi moja, tunafuata kile kinachoipa zawadi yenyewe sura yake."

"Basi nisikilize," nikasema. "Peremende mtoto anazimaliza kabla hujasema amina. Gitaa atalipiga mpaka mama yake alifiche. Na akilificha, atalitafuta. Mimi namjua mtoto aliyepiga gitaa la namna hii mpaka kuku wakahama kijiji."

"Kuku wakahama?"

"Kwa mtumbwi."

Lagimaina akauma mdomo asicheke. Akavuta fomu. Akachukua kalamu. Telesia alipoiona ile kalamu, akatoka mbio mvuani. Nilidhani anakwenda kumshukuru Mungu faraghani.

Alirudi kutoka garini na kapu la makuti. Akaliweka juu ya kaunta kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Magimbi, majani yaliyopikwa kwa tui, na paja la nguruwe lililokuwa bado linatoa moshi wa mawe ya moto lililookewa.

"Mheshimiwa, asubuhi yote tumesimama mbele yako mikono mitupu. Utusamehe. Hiki ni kidogo tu."

Foleni nzima ikanyoosha shingo. Hata mvua, nadhani, ilisimama kusikiliza. Telesia hakuwa na hila yoyote. Amelelewa hivyo, hata kwa daktari wa meno huenda na samaki. Lakini muhuri ulikuwa haujagongwa.

Lagimaina akaweka kalamu chini.

"Mama Telesia," akasema taratibu, "unajua umefanya nini?"

"Nimeleta chakula."

"Nilikuwa naandika kichezeo. Sasa nikiandika kichezeo, hawa wote watasema nimekula. Nikikiacha hapa, nimekula kabla ya kula."

"Basi nikilete Jumatatu, muhuri ukiwa umeshagongwa..."

"Hata Jumatatu kitakuwa ni kile kile."

Telesia akaniangalia. Nina uongo wa kila aina, lakini siku hiyo kabati lilikuwa tupu. Njia ilikuwa moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kuitamka, kwa sababu kwetu chakula kilichopikwa kikishatolewa hakirudi. Anayekirudisha nyumbani amekataliwa yeye mwenyewe, si chakula.

Midomo ya Telesia ilicheza kama ya mtoto anayetafuta aya iliyompotea. Halafu akalikumbatia kapu, akageuka, akapita katikati ya foleni yote. Watu waliangalia viatu vyao. Bwana mmoja mnene, mwenye mzigo wa matairi, alimfungulia mlango akiangalia pembeni.

Alirudi ameloa chapachapa, mikono imening'inia. Akasimama pale pale.

"Sasa nauliza mbele ya wote," Lagimaina akasema kwa sauti kubwa. "Gitaa hili likifika bila peremende, utampa mtoto?"

"Nitampa."

"Na peremende zikifika bila gitaa?"

"Mwaka jana niliwapa," Telesia akasema. "Walilia."

Lagimaina akaandika. Aliandika kichezeo, na chini yake akaandika pia kwamba chakula kililetwa na kikarudishwa, akamsomea Telesia kila neno, akampa kalamu. Telesia akatia sahihi jina lake chini ya aibu yake. Muhuri ukagongwa.

Garini, kapu lilikaa kati yetu. Harufu ya lile paja ingemfufua maiti akaomba sahani. Nikanyoosha mkono.

"Thubutu!"

"Litaharibika, mama."

"Liharibike. Nilimpikia mwingine."

Jumapili magitaa yote yalilia kwa pamoja, na mchungaji akalazimika kuhubiri kwa ishara. Telesia alikuwa akipita kati ya watoto na sinia, ufunguo wa darasa shingoni. Wanawake walimpisha njia, na hakuna aliyemuuliza habari za forodha. Walikuwa wanazo tayari. Na safari hii, walahi, si mimi niliyezisambaza.