Maumivu Yaliyobaki kwenye Kiti cha Cherehani

Asubuhi ya miadi, fundi viatu alikunywa chai, akapiga viatu vyake rangi, kisha akayaambia maumivu ya marehemu mkewe yainuke.

"Leo ndiyo siku yako. Usinitie aibu kwenye foleni."

Mkewe, mshona nguo, alikuwa amezikwa wiki sita nyuma, kwa saratani ya titi iliyokwisha kuingia mifupani. Yeye alikwenda, maumivu yakabaki, makubwa kama kabati, yamekalia kiti chake cha cherehani. Adabu hayakuwa nayo. Fundi akisimulia jambo, yaliguna kabla hajafika mwisho. Majirani walikwisha kuyazoea. Wakija walipiga hodi, wakayapisha, wakakaa mkekani.

Hospitalini mlinzi hakuuliza kitu. Alifungua milango yote miwili ya geti, yakapita kwa ubavu.

Karani wa tiba shufaa, kliniki ya kupunguza mateso ya wagonjwa, akaisoma kadi.

"Mgonjwa yuko wapi, mzee?"

"Amefariki."

"Na haya?"

"Ya kwake."

Karani akahakikisha jina. "Sawa. Wewe kaa benchi la tatu. Hayo yakae chini, yatatuvunjia benchi."

Fundi alikuwa akiiomba dawa ya maumivu ya kliniki hii tangu siku ile ugonjwa ulipojulikana. Akaambiwa alete barua yenye muhuri wa Bwana Mkubwa wa hospitali, kwamba matibabu mengine yote yameshindikana. Bwana Mkubwa alikuwa kwenye semina ya miezi miwili, juu ya faida za kuwahi. Aliporudi akagonga muhuri kwa mkono wake mwenyewe, siku ya tatu baada ya mazishi.

"Mbona mmechelewa hivi, baba?" muuguzi aliuliza. "Hii huanza mapema. Mtu anaendelea na matibabu yake huku hateseki."

"Muulize Bwana Mkubwa, sista."

"Mimi nani nimuulize mkubwa?"

Akamimina dawa, kijiko kimoja. Maumivu yakanywa, yakapiga mwayo, yakanywea polepole mpaka yakawa kama mtoto mchanga aliyeshiba. Fundi alikitazama kile kijiko kwa muda mrefu. Kilikuwa kijiko kidogo tu, cha plastiki.

Alipotoka akamkuta mwalimu mmoja kijana mbele ya karani. Saratani yake iligunduliwa juzi, nayo imekwisha kusambaa. Maumivu yake yalikuwa bado kama paka, ameyabana kwapani, yanamparura kidogo kidogo.

"Yako bado, dada," karani alisema. "Rudi na muhuri, yakishakuwa kama yale ya mzee alipoingia."

"Mpe huyo," fundi akasema. "Mimi mmenipa, na mwenye kuumwa yuko kaburini."

"Wewe una barua, mzee. Huu ni utaratibu."

"Utaratibu wenu naujua, mwanangu. Nimekaa nao nyumba moja wiki sita, unagunaguna tu."

Karani akaita namba inayofuata.

Wakatoka pamoja. Fundi alikuwa ameyalaza ya mkewe begani, yanakoroma. Ya mwalimu yalikwisha kuwa mazito kubebwa; akayashusha yatembee, na walipofika getini yalikuwa yanamfika magotini.

Mlinzi alikuwa ameshika komeo, anataka kufunga mlango wa pili. Akayatazama, akayakadiria kwa jicho, akauacha wazi.