Goti Lililofungwa Bandeji

Sindano ya ganzi ilikuwa imeshavuliwa kifuniko, nayo ilikuwa inaelekea kwenye goti langu zima.

"Dokta, siyo hilo," nilisema.

Zilikuwa zimebaki dakika saba za mapumziko. Chumba kilinuka jasho, dawa ya kuchulia misuli na nyasi mbichi zilizong'ang'ania njumu. Sifuri kwa sifuri. Sare ingetubakiza ligi kuu. Goli moja la wale jamaa lingetushusha daraja. Nilikuwa na miaka ishirini, beki wa kati, msimu wangu wa pili katika soka ya kulipwa, na kipindi cha kwanza nilikuwa nimekimaliza nikichechemea. Daktari wa klabu aliniona. Hakuuliza mguu upi. Aliona bandeji kwenye goti la kulia, akapiga magoti mbele yake kama mtu anayesali.

"Daktari hapa ni mimi au wewe?"

"Dogo anaogopa sindano," akasema kocha, na chumba kizima kikacheka kile kicheko cha watu wenye hofu, kinachotafuta pa kutokea.

Nilimtazama Kufuli. Yeye hakucheka. Alikuwa anafunga kamba za njumu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Nikanyamaza. Mara ya kwanza nilisema. Mara ya pili sikusema. Niliishi miaka ishirini na mitatu nikiitafuta hiyo mara ya pili.

Kufuli alikuwa mwenzangu pale katikati ya ngome, ana miaka thelathini na mitatu, na jina hilo alipewa na washambuliaji wenyewe: ukifika kwake unakuta pamefungwa. Goti langu bovu lilikuwa la kushoto. Lilikuwa limeanza kuvimba mwezi mmoja kabla, na yeye peke yake ndiye niliyemwambia.

"Ukimwambia dokta, unakwenda benchi," alisema. "Na atakayeingia mahali pako, mdogo wangu, hatoki."

Basi kila siku ya mechi alinikalisha kwenye chumba cha vifaa, kati ya mipira iliyoishiwa upepo na magunia ya jezi, akanifunga bandeji. Akaifunga kwenye goti la kulia.

"Kaka, mbona hilo haliumi?"

"Ndiyo maana nalifunga. Straika ni kama inzi, anafuata kidonda. Wewe mwonyeshe kidonda cha uongo."

Mabeki wote wa zamani waliujua ujanja huo, na ulifanya kazi. Mechi nne mfululizo viatu vya adui vililitafuta goti la kulia, lenye nguvu ya kuvumilia, na la kushoto likapumua. Hatukuwaza hata kidogo kwamba mtego tuliomtegea mgeni ungemnasa mwenyeji. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilivaa koti jeupe.

Kipindi cha pili nilikimbia na mguu mmoja unaolia na mwingine usiokuwepo. Dakika ya sabini na moja wakapata kona. Niliruka, nikaupiga mpira kwa kichwa, nikatua kwa mguu wa kulia kwa kuwa wa kushoto ulikuwa unaniuma. Nikasikia mlio, kama kijiti kibichi kinavyovunjwa. Maumivu hayakuja. Hilo ndilo ambalo mpaka leo linanichemsha damu: hayakuja, na mimi nikainuka. Nikacheza dakika kumi na tisa juu ya goti lililokatika kano, nikigeuka, nikiteleza, nikilisaga kama mtu asagaye mali ya mwenzake. Filimbi ya mwisho ikalia. Sare. Walininyanyua mabegani, na ganzi ikaanza kuisha nikiwa huko huko juu. Nililia kwa sauti. Wakadhani ni furaha, wakanirusha juu zaidi.

Wiki tatu baadaye niliingia ofisi ya katibu wa klabu kwa magongo mawili. Mama alibaki kwenye benchi la nje; ndani walikuwa katibu, viongozi wenzake wawili na Kufuli, aliyeitwa kutoa ushahidi. Jambo lilikuwa moja tu. Ikiwa niliumizwa na kosa la daktari, klabu ingenipeleka kupasuliwa na kunishikilia mpaka nipone. Ikiwa nilikuja na jeraha la kuficha, ningeonyeshwa mlango wa kutokea. Katibu akasoma ripoti ya daktari polepole, kama asomaye wosia.

"Mchezaji alificha jeraha la zamani la goti la kulia. Ushahidi: kabla ya mechi, goti hilo lilikuwa limeshafungwa bandeji."

Nikaeleza. Nilieleza kila kitu, chumba cha vifaa, inzi, kidonda cha uongo. Kiongozi mmoja akaguna. Katibu akamgeukia Kufuli, ambaye klabu nzima ilijua kwamba wiki ile angetangazwa kocha msaidizi.

"Wewe ndiye mwenzake. Bandeji ile ilikuwa ya nini?"

Feni ya darini ilizunguka. Nakumbuka ilikuwa na bawa moja lililopinda, na kila lilipopita juu ya kichwa cha Kufuli lilifanya tak. Nilihesabu tisa.

"Sijui, mheshimiwa. Kila mtu na miguu yake."

Nje, Mama aliuliza swali moja tu. "Alikuangalia usoni aliposema hivyo?"

"Alikuwa anaangalia viatu."

"Basi anajua," alisema, akanishika mkono.

Mechi thelathini na moja. Hiyo ndiyo kazi yangu yote ya mpira. Shule sikuimaliza, kwa hiyo nilijifundisha mwenyewe: kanuni za ligi, mikataba, hata vitabu vya tiba vya mitumba, kamusi pembeni. Nikaanza kuzunguka vyumba vya kubadilishia nguo kuwaambia vijana wasichomwe sindano kabla hawajaulizwa, na wakiulizwa wasibabaike. Walinzi wamenitoa mkukumkuku katika viwanja vinne. Wananiita Mchochezi. Sijawahi kukataa.

Mwaka jana, asubuhi, nilikuwa kwenye foleni ya kliniki ya mifupa. Mzee mmoja akaja kukaa karibu yangu, suruali imekunjwa, bandeji kwenye goti la kulia. Niliitambua ile mizunguko ya bandeji kabla sijamtambua yeye.

"Linauma hilo?" nikauliza.

Kufuli hakugeuka. Mkono wake ukaenda taratibu kwenye goti la kushoto, ukatulia hapo.

"Watu wananigonga kwenye foleni," alisema. "Mazoea tu, mdogo wangu."

Nilikuwa nimeyatunza maneno ya kumwambia kwa miaka ishirini na mitatu, yamenolewa, yamepangwa. Kabla sijafungua kinywa wakamwita. Mlango ulibaki wazi. Daktari kijana, macho kwenye karatasi, alimkalisha kitandani, akavuta sindano, akaanza kufungua bandeji ya kulia. Kufuli, aliyekuwa akipiga kelele mpaka majukwaa yakamsikia, alilikodolea macho koti jeupe akanyamaza.

Nikanyanyuka na bakora yangu mpaka mlangoni.

"Dokta, siyo hilo."

"Mzee, subiri zamu yako."

"Siyo hilo," nikasema. "La kushoto."